Kijana akisha kubatizwa

Katika jumuiya nyingi za Kanisa la Kristo katika Kongo, kijana anafuata mafundisho ya ubatizo, anajibu maulizo mbele ya wazee, anabatizwa. Kisha anapewa nafasi katika kwaya, na mara nyingi ni hayo tu. Lakini maulizo yake ya kweli ndipo yanapoanza. Tangu M23 kuteka Goma mwezi wa kwanza 2025, na Bukavu mwezi wa pili, vijana wengi wanauliza Mungu alikuwa wapi. Kumjibu kijana huyo kwamba hana imani ni kumfukuza. Zaburi ya 13 inauliza vilevile. Ya 88 inaishia gizani kabisa, nayo ni sala. Someni naye hizo mbili, kisha mwacheni aseme, hata akilia.

Kazi hii si ya mchungaji peke yake. Paulo anataja imani ya Timoteo kwanza kwa nyanya yake Loisi na mama yake Eunike (2 Timoteo 1:5). Mama wa kanisa anaweza kumtembelea kijana aliyekosa ibada Yenga mbili. Na familia ikihama, barua ya ubatizo haitoshi: mchungaji wa kule apigiwe simu, aambiwe jina la kijana na mahali anapolala.