Safu ya Lugha: Mtandao na Intaneti

Wakala wa pesa pale Bigwa akisema "mtandao unasumbua", anakusudia huduma ya kampuni ya simu. Mwandishi akiandika "kachafuliwa mtandaoni", anakusudia Facebook. Neno limebebeshwa mengi mno. Mtandao, kutokana na kutandaa, ni chochote kilichoungana kikasambaa, hata barabara au mabomba ya maji. Intaneti ni mtandao mmojawapo, unaounganisha kompyuta duniani. Tovuti ni kurasa za mmiliki mmoja humo. Wapo watakaosema maana hueleweka tu. Huenda, lakini mwenye malalamiko lazima ajue amshtaki nani: kampuni ya simu au mwenye tovuti. Tukikusudia intaneti, tuandike intaneti.