Mgagani: Historia Iliyoota Nyuma ya Zizi

Muulize mtu yeyote historia ya Bariadi, atakueleza habari za pamba. Ataongeza ng'ombe, kisha atarudi kwenye pamba. Wala hasemi uongo. Pamba ina makaratasi yake: ina stakabadhi, ina mizani, ina vyama vya ushirika. Mwaka 1955 vyama vya wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa viliungana katika shirikisho la VFCU, na Paul Bomani alikuwa miongoni mwa viongozi wake. Hata mbegu ya pamba ina jina na namba: UK 77, UK 82, UK 91. Hizo herufi mbili za mwanzo zinatokana na Ukiriguru, kituo cha utafiti kule Mwanza.

Sasa ndugu msomaji, hebu tuulize swali dogo. Wale waliopalilia hiyo pamba, jioni walikula nini? Ugali, sawa. Na mboga je? Hapo makaratasi yananyamaza kimya.

Jibu moja ni mgagani. Unaujua: mmea unaofika kiunoni, majani yake yamegawanyika vidole vitatu hadi saba, mara nyingi vitano kama kiganja. Maua ni meupe au ya waridi, na nyuzi zake ndefu zinachomoza kama sharubu za paka. Kiswahili kina jina jingine tamu kwa mmea huu, mkabilishemsi, yaani anayelikabili jua. Na kweli analikabili. Mgagani hutengeneza chakula chake kwa njia ileile ya mahindi na mtama, kwa hiyo jua kali linalonyausha kabichi, kwake ni kazi ya kila siku. Mwaka 1753 Carl Linnaeus wa Uswidi aliuingiza katika kitabu chake cha mimea kwa jina Cleome gynandra, na mwaka 1914 John Briquet akaubatiza upya Gynandropsis gynandra. Wazungu wawili, majina mawili. Aliyeupika hakuandikwa popote.

Watu husema, "Ah, huo ni mmea wa mwituni tu." Hapo ndipo ninapobisha. Nenda porini kwenyewe, mbali na watu, uutafute. Utachoka! Mgagani hauota kwa wingi vichakani. Unaota jalalani, kando ya shamba, nyuma ya zizi, kwenye matongo ya kaya iliyohama. Unafuata samadi na jivu, maana yake unafuata watu. Mwaka 1947 serikali ya kikoloni ilianzisha Mpango wa Maendeleo wa Usukuma, zikaja amri za kulima matuta na za kupunguza mifugo. Miaka ya 1970 ikaja Operesheni Vijiji, kaya zikahamishwa kupangwa kwenye mistari. Zizi lililoachwa lilibaki na samadi yake, na ardhi ya namna hiyo ndiyo mgagani unayoipenda. Binadamu kaondoka, mboga yake ikabaki kumshuhudia. Kumbe hayo matongo nayo ni maktaba, ila hatujafundishwa kuyasoma.

Na elimu yake haikuwa ndogo. Mgagani ni mchungu, bwana. Ukiuchemsha ukamwaga maji yote, uchungu unapungua lakini vitamini nazo zinakwenda. Wapishi wakaja na dawa yake: maziwa, au karanga zilizotwangwa. Wakisii wa Kenya, ambao huuita chinsaga, na Wajaluo, wanaouita dek, nao hutumia maziwa, na kuna wanaouacha ulale nayo usiku kucha ulainike. Mama aliyejifungua hupewa mboga hii ili arudishe nguvu. Vipimo vya maabara vimekuja baadaye kusema kwamba ina madini ya chuma, chokaa na vitamini A kwa wingi.

Mwaka 1992 kituo cha utafiti wa mboga cha AVRDC kilifungua ofisi yake ya Afrika kule Arusha, na mgagani ukawa mmoja wa mboga kilizozishughulikia. Mwaka 1997 J. A. Chweya na Nameus Mnzava wakatoa kitabu kizima juu ya mmea huu, kikachapwa Roma, katika mfululizo wa vitabu kuhusu mazao yaliyosahauliwa. Yaliyosahauliwa na nani? Si na aliyekuwa akiuchuma.

Lakini hatari ipo, na ni yetu sisi vijana. Kitu kikiitwa cha mwituni, hakina mwenyewe, na kisicho na mwenyewe hakuna anayekitunzia mbegu. Tunanunua chainizi sokoni, tunang'oa mgagani kama gugu. Wahenga walionya: usiache mbachao kwa msala upitao.

Basi tuupande nyumbani, uani. Chagua mahali penye jua pasipotuama maji, changanya samadi iliyooza. Mbegu mbichi, iliyotoka kuvunwa, huwa bado imelala. Itunze miezi kadhaa kwanza. Isia juujuu lakini ifunike kwa udongo, maana mwanga huizuia isiote. Mvua zikianza, wiki nne hadi sita unachuma. Kata vikonyo vya juu, utachipua matawi na kuchelewa kutoa maua.

Jambo la mwisho ndilo kubwa. Wengi huvuna mbegu kwenye mche ulioponyoka, uliotoa maua upesi kabla haujachumwa. Ukifanya hivyo kila mwaka, unajichagulia mgagani wa majani machache wenye haraka ya kuzeeka. Fanya kinyume: weka alama kwenye miche miwili mitatu yenye majani mapana, inayochelewa kutoa maua, usiiguse. Maganda yakigeuka manjano, vuna kabla hayajapasuka, kausha, funga vizuri.

Mkoa wa Simiyu ulizaliwa mwaka 2012, na pamba imeshaandikwa sana humo. Kifungu kile cha mbegu kilichofungwa kwenye kitambaa nacho ni kumbukumbu. Kisipopandwa misimu kadhaa, mbegu hufa, na hakuna stakabadhi itakayobaki kueleza kwamba iliwahi kuwepo.