Kreni za modeli: namna gani zinaboreshwa

Kreni ya modeli ni nakala ndogo ya mashini ya kuinua mizigo, ile wengi huku wanaita grue. Makampuni ya Ujerumani kama NZG na Conrad yanazitoa za chuma, kwa kipimo cha 1:50. Maana yake, sentimita 1 ya modeli ni nusu mita ya kreni ya kweli. Liebherr LTM 11200-9.1 iko na ekseli 9 na mkono wa mita 100. Kwa kipimo hicho, mkono wa nakala unafika mita 2.

Wenye kuzipenda hawaziachi vile zilitoka dukani. Wanaondoa uzi wa zamani, wanapitisha mwingine wenye nguvu kwenye kapi za ndoano, wanapaka rangi, wanaongeza ngazi na taa.

Hatari iko kwenye uzito. Mkono ukirefushwa, modeli inaelemea mbele, inaanguka na kuvunjika. Kwa hiyo kwanza wanafungua miguu ya pembeni juu ya meza iliyo sawa, wanaweka vizito vya nyuma, kisha ndiyo wanainua mkono. Hata kwa kreni kubwa ni vile vile: muzigo ukienda mbali na mashini, nguvu ya kuubeba inapungua.