Mwenye Wimbo na Mwenye Hati

Kuna vijana katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, na wenzao mjini Mbarara, ambao siku hizi huitwa wezi na mashine. Kijana wa namna hiyo hutunga maneno yake mwenyewe, huyafoka kwa sauti yake mwenyewe, hupigwa picha na rafiki yake kwa simu ya mkononi, kisha huupeleka wimbo wake YouTube, TikTok au Facebook ili ujulikane. Hana kampuni wala meneja. Haupiti muda mrefu naye huletewa taarifa kwamba ndani ya wimbo huo imo mali ya mtu mwingine. Sauti huzimwa, au fedha za matangazo hupelekwa kwa mdai aliye nchi ya mbali, au wimbo wote huondolewa.

Mazungumzo yetu ya leo yanahusu historia ya jambo hilo. Yanawahusu ninyi kwa kuwa sheria ya hakimiliki ya Uganda haikuishia kwenye madai ya fedha, bali imeweka makosa ya jinai, na jinai ni kazi ya polisi. Yanawahusu pia kwa kuwa askari wa Afrika Mashariki ni watunzi wa nyimbo tangu zamani.

Sheria ya kwanza ya namna hii ilianza kutumika Uingereza mwaka 1710, wakati wa Malkia Anne. Ilihusu vitabu, na shabaha yake ilikuwa kumpa mtunzi haki ambayo kabla ya hapo ilikuwa mikononi mwa wachapishaji. Shabaha hiyo ilikuwa njema. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1911 ikaenezwa hadi katika makoloni, na kwa njia hiyo fikra ya kwamba wimbo una mwenyewe aliyetajwa kwa jina, naye anaweza kuuza haki yake kama auzavyo ng'ombe, ikafika huku kwetu.

Lakini muziki wa Ankole haukuwa na karatasi. Mwaka 1950, na tena mwaka 1952, Hugh Tracey, Mwingereza aliyefanya makao yake kusini mwa Afrika, alipita Uganda na mitambo yake akinasa muziki wa wenyeji, pamoja na ule wa majumba ya wafalme wa Buganda, Bunyoro na Ankole. Kanda hizo zilihifadhiwa Afrika Kusini, na miaka mingi baadaye zikauzwa katika sahani za kisasa. Hatumlaumu Bwana Tracey. Falme zilipofutwa mwaka 1967, sauti nyingi zingepotea kabisa kama si mtu huyo. Tunachosema ni kwamba tangu siku hizo sheria ilimtambua aliyenasa sauti upesi kuliko ilivyomtambua aliyeitoa.

Kisa cha Solomon Linda kinajulikana dunia nzima. Aliurekodi wimbo wake “Mbube” mjini Johannesburg mwaka 1939, akalipwa shilingi 10, akafa maskini mwaka 1962. Wakati huo Wamarekani walikwisha kuugeuza ukawa “The Lion Sleeps Tonight”, na watu wengine walikuwa wakitajirika kwa jasho lake. Binti zake walifikia mapatano na wenye hati mwaka 2006, yaani miaka 44 baada ya baba yao kuzikwa. Afrika Mashariki nayo ina ugomvi wake wa “Malaika”. Fadhili William wa Kenya ndiye aliyeurekodi, na jina lake ndilo lililoandikwa. Adam Salim alidai kwamba ndiye mtunzi. Wimbo ukaimbwa na Miriam Makeba na wengine wengi katika kila bara, na mpaka leo wazee wakikutana penye kahawa hubishana nani mwenye wimbo.

Na majeshi yetu? Nchini Kenya, Maroon Commandos, bendi ya Batalioni ya 7 ya Kenya Rifles iliyoundwa mwaka 1970, ilitoa “Charonyi ni Wasi” mwaka 1977, na santuri hiyo ikapigwa katika nyumba za watu wasiojua hata kambi ya Langata iko wapi. Tanzania ilikuwa na Polisi Jazz, na jeshi lake lilikuwa na Mwenge Jazz. Sheria ya Uganda inasema kazi iliyotungwa na mtu akiwa kazini kwa mwajiri, au chini ya uongozi wa serikali, ni mali ya mwajiri au ya serikali, isipokuwa kama kuna mkataba unaosema vinginevyo. Askari anayetunga nyimbo katika bendi ya kikosi na alijue hilo mapema.

Uganda huru ilijitungia sheria yake ya hakimiliki mwaka 1964. Kwa miaka mingi sheria hiyo ilikaa kabatini. Chama cha kukusanya malipo ya wanamuziki, UPRS, kilianzishwa mwaka 1985, wakati nchi ingali vitani, nasi twaweza kukisia ni baa ngapi zilizolipia muziki mwaka huo. Sheria mpya ilikuja mwaka 2006. Hiyo inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Inasema wazi kwamba haki huzaliwa pamoja na kazi yenyewe, bila ya sharti la kuiandikisha. Kama ilivyotungwa mwaka huo, iliweka kwa anayekiuka adhabu ya faini isiyozidi shilingi 2,000,000, au kufungwa jela muda usiozidi miaka 4, au vyote viwili. Mwaka 2022 Uganda ikajiunga na Mkataba wa Berne, ambao nchi nyingi za dunia zilikuwa zimeutia sahihi zamani sana.

Basi kama haki huzaliwa pamoja na kazi, kijana wa Nakivale ananyang'anywaje? Hapa hatuna budi kuitazama historia ya muziki wa kufokafoka wenyewe. Muziki huo ulizaliwa Bronx, mjini New York, mwaka 1973, miongoni mwa watu weusi na wahamiaji wa kutoka visiwani, watu wasio na vyombo vya muziki wala fedha za kuvinunua. Walichokuwa nacho ni santuri za zamani. Walichukua kipande cha ngoma, wakakirudiarudia, wakafoka juu yake. Kipande kilichotumiwa kuliko karibu vyote vingine kilipigwa na Clyde Stubblefield, mpiga ngoma wa James Brown, katika “Funky Drummer” ya mwaka 1970. Stubblefield alifariki mwaka 2017. Jina lake halikuwamo katika hati ya wimbo ule, na kwa hiyo mikono yake iliwachezesha watu wa dunia nzima naye asipate fungu. Mwaka 1991 mahakama ya New York ilimhukumu Biz Markie kwa kutumia kipande cha Gilbert O'Sullivan bila idhini, na hakimu akaifungua hukumu kwa amri ya Mungu inayokataza wizi. Tangu hapo wakubwa wakawa wanalipia vipande, na wadogo wakaogopa.

Yafuatayo ndiyo yanayowapata vijana wetu hasa. Rapa wa leo asiye na studio huchukua mdundo, au biti kama wasemavyo wenyewe, kutoka kwa mtengenezaji aliye ng'ambo. Mara nyingi haununui, bali huukodi kwa bei ndogo, na mdundo ule ule hukodishwa kwa watu wengine mia. Mmoja wa hao mia, aliye na wakala, huuandikisha wimbo wake katika mtambo wa kutambua sauti ambao YouTube iliuanzisha mwaka 2007. Mtambo hauulizi nani alitangulia. Unasikia mdundo unaofanana, basi wale 99 waliobaki wote wanaonekana wamemwibia yule mmoja. Na mtambo huo hafunguliwi kila mtu. Wanaoruhusiwa kuandikisha humo moja kwa moja ni makampuni na mawakala wenye mali nyingi. Mnyonge anaweza kudaiwa na mtambo, lakini yeye hawezi kudai kwa mtambo huo.

Tusidanganyane, wapo wezi wa kweli pia. Anayechukua wimbo mzima wa mwanamuziki wa Mbarara, akaubandika jina lake na kuupeleka mtandaoni, huyo ni mwizi, na sheria imtazame hivyo. Lakini aliyelipia kodi ya mdundo wake hawezi kuwekwa fungu moja na huyo.

Mtu anayepinga dai anapewa nafasi ya kujibu. Dai la mtambo likipingwa, mdai hupewa siku 30 za kulitafakari. Ikiwa wimbo umeondolewa kabisa, mapingamizi hufuata sheria ya Marekani ya mwaka 1998. Anayepinga hutakiwa kuandika jina lake kamili la kisheria, anwani yake na namba yake ya simu, na kukubali kwamba kesi inaweza kusikilizwa katika mahakama ya Marekani. Karatasi hiyo hupelekwa kwa mdai. Asipopinga, na maonyo yakafika matatu, akaunti yake yote huweza kufutwa.

Sasa ifikirie Nakivale. Makazi hayo yalitambuliwa rasmi mwaka 1960, kwa ajili ya Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya mwaka 1959. Leo wamo Wakongo, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na wengineo, katika kanda za Base Camp, Juru na Rubondo, na idadi yao inapita idadi ya watu wa miji mingi. Swali la “hati yako iko wapi?” lina historia chungu katika sehemu hizi. Mwaka 1982 watu wenye asili ya Rwanda walifukuzwa katika nyumba zao Ankole, wengi wao wakakimbilia Nakivale. Na mpaka ilipofika mwaka 2019, ndipo barua za utambulisho za wakimbizi zilipokubaliwa kusajili laini ya simu. Kabla ya hapo mkimbizi asiye na kitambulisho alifoka kwa laini ya jina la mtu mwingine, na hata malipo madogo yakiingia, yaliingia kwa jina hilo hilo.

Mtu wa namna hiyo, aliyekimbia Kivu au Bujumbura kwa sababu kuna watu asiotaka wajue alipo, huambiwa aandike jina lake kamili na mahali alalapo, karatasi ipelekwe kwa mgeni asiyemjua. Wengi hawaandiki. Wimbo unakufa, na mdai anahesabiwa kuwa ameshinda.

Linalosikitisha ni kwamba haki yake imeandikwa. Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, ambao Uganda ilijiunga nao mwaka 1976, unasema katika ibara ya 14 kwamba katika kazi za fasihi, sanaa na sayansi, mkimbizi atalindwa sawasawa na raia wa nchi anayoishi. Si chini yake hata kidogo. Kwa hiyo kijana wa New Congo ndani ya Nakivale na kijana wa Kakoba mjini Mbarara ni sawa mbele ya sheria ya mwaka 2006. Tofauti yao ni kwamba mmoja anaweza kufika ofisi ya usajili mjini Mbarara kwa bodaboda, na mwingine yuko kilomita zipatazo 50 kutoka hapo, akihitaji nauli na barua.

Inaweza kutokea mlalamikaji akafika kituoni, Isingiro au Mbarara, ameshika simu yenye taarifa ya mtandao, akitaka rapa fulani akamatwe na vyombo vyake vichukuliwe. Taarifa ile si hukumu ya mahakama ya Uganda. Ni dai la kampuni, lililotolewa na mashine. Wengi wa vijana hao wanafoka kwa Kiswahili, lugha ya kambi zetu, kwa hiyo afisa wa zamu hahitaji mkalimani wa kumsikiliza mshtakiwa. Kabla ya kufungua jalada, na aulize risiti ya kukodi mdundo, ujumbe wa mtengenezaji, na faili ya kwanza ya wimbo yenye tarehe yake ndani ya simu. Na aviulize kwa pande zote mbili, kwa kuwa yawezekana mlalamikaji naye ameukodi mdundo huo huo.