Kupiga Kengele: Je, Siku Moja Inatosha?

Ukimuuliza mtu wa Goma jina la mji wetu limetoka wapi, wengi watakujibu bila kufikiri: ni ngoma. Kuna wanaosema ngoma hiyo ni volkano yenyewe inavyonguruma, wengine wanakutajia kilima cha Goma kando ya ziwa. Hatutakata shauri hilo hapa. Jina linatukumbusha tu kwamba kabla kengele haijafika Kivu, watu waliitwa kwa ngoma, na mpigaji hakuwa mtu yeyote tu aliyekuta ngoma imekaa bure. Alijua mapigo ya sherehe, ya kifo na ya hatari, na walioko mbali walijua kuyasoma.

Mapadri Weupe, ambao waliingia nchi yetu kupitia ziwa Tanganyika na kupokea kituo cha Mpala mwaka 1885, walileta sauti nyingine. Misioni ilikuwa na kengele kabla ya kuwa na mambo mengine mengi. Ilipiga asubuhi, saa sita mchana na jioni kwa ajili ya sala ya Malaika wa Bwana. Ilipiga pia kwa masomo na kazi. Kwa wazee wetu wengi kengele ndiyo ilikuwa saa ya kwanza, na kusema kweli si wote waliipenda. Kengele ile ile iliyokuita kusali ndiyo ilikuita kubeba matofali.

Kuna jambo moja ambalo hunifanya nicheke kidogo, kicheko cha uchungu. Kengele nzuri imetengenezwa kwa shaba nyekundu na bati, karibu sehemu 78 za shaba kwa 22 za bati. Shaba iko Katanga. Bati linatoka katika kasiteriti, na kasiteriti iko hapa kwetu, Walikale. Kumbe nchi yetu ina kengele nzima ndani ya udongo, lakini tulizoea kuagiza kengele Ulaya, zifike kwa meli.

Sasa, nani alifundisha watu kuzipiga? Kwa desturi ya kwetu hakuna shule. Kijana alimfuata sakristani au katekista, akamtazama, siku moja mzee akaugua na kijana akashika kamba. Uingereza wamefanya vingine. Kule kengele inafungwa kwenye gurudumu kubwa, nayo inazunguka duara zima, mdomo ukianza juu na kurudi juu. Wanaotaka kujifunza wanaweza kukusanywa kundi zima kwa siku moja tu. Ulimi wa kengele unafungwa kwanza ili majirani wasisumbuke na makosa ya wanafunzi. Mwalimu anasimama mbele ya mwanafunzi, mikono tayari kudaka kamba. Kuvuta kuna sehemu mbili: mwanafunzi anafundishwa moja peke yake, halafu nyingine, na jioni wenye bahati wanaziunganisha. Hapo siku imekwisha. Kupiga pamoja na wenzako, kila mmoja kwa zamu yake bila kugongana, ni kazi ya miezi. Kengele 8 zinaweza kupangwa kwa njia 40,320, na mwaka 1963 huko Loughborough watu walizipiga zote bila kupumzika, karibu saa 18! Hata pwani ya Kenya, kanisa la Mtakatifu Thomas la Kilifi lina kengele zilizotungikwa kwa mtindo huo.

Anayejifunza mara nyingi anadhani kazi ni nguvu. Hapana. Mtu ambaye ameteremsha chukudu yenye magunia ya viazi kutoka Kibumba ataelewa upesi: uzito unakwenda wenyewe, wewe unaongoza na kuzuia. Ukivuta kwa hasira, kamba itakunyanyua. Tena usifunge kamba kwenye ulimi na kuuvuta kwa nguvu uupige ukuta wa kengele. Ulimi ukikandamizwa hapo, kengele haipati nafasi ya kutetemeka, mwisho inapasuka. Kengele iliyopasuka inalia kama sufuria, na haishonwi kirahisi.

Mikono basi yaweza kufundishwa kwa siku moja. Masikio ndiyo shida. Malaika wa Bwana ni mapigo matatu, kimya cha Salamu Maria, matatu tena, kimya, matatu, halafu mfululizo. Kengele ya kilio inakwenda polepole, pigo moja, nafasi ndefu, pigo lingine, na zamani bamama waliweka jembe chini na kuulizana: “Ni nani alikufa?” Kengele ya hatari haina nafasi, ni mbio mbio mpaka mpigaji achoke. Mtu akikosea hapo hajakosea muziki. Amewaambia watu uongo.

Katika mji wetu kosa hilo ni zito. Goma imejaa watu waliokimbia Masisi, Rutshuru, Walikale, kila mmoja na masikio ya kwao. Mtoto aliyezaliwa Majengo au Ndosho anajua milio ya risasi kuliko milio ya kengele. Siku hizi parokia nyingine zinacheza kengele iliyorekodiwa kwenye bafle. Sauti inatoka safi, sawa, lakini umeme ukikatika kengele imekufa, na nyie mnajua umeme wetu.

Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilipasuka, lava ikashuka mpaka katikati ya mji na kuingia ziwani. Kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu liliharibika, zikabaki kuta. Watu wapata 120,000 walipoteza nyumba. Shaba ya kengele inayeyuka kabla ya digrii 1000; lava yetu inapita hapo. Chuma cha jante ya gari kinahitaji moto zaidi. Sijui kama kuna aliyewahi kufikiria hivyo, lakini jante iliyotungikwa kwenye mti na kupigwa kwa kipande cha chuma ndiyo kengele ya vikanisa na shule nyingi kwetu, za Wakatoliki kama za Waprotestanti. Wasomi wengine wanaiona ni alama ya umaskini. Mimi naona ina mpigaji wake, ina lugha yake, na mtoto wa darasa la tatu anaijua bila kufundishwa: mapigo ya kuingia si mapigo ya kutoka.

Halafu tarehe 22 Mei 2021, jioni, mlima ukapasuka tena, na hakuna onyo lililotangulia. Watu waliona anga jekundu, wakaanza kukimbia. Siku tano baadaye, amri ya kuhama sehemu ya mji ilitolewa kwa redio na televisheni, na watu karibu 400,000 wakaondoka kuelekea Sake, Rutshuru, Bukavu na Gisenyi. Asiye na redio alimtazama jirani: akifunga mzigo, naye anafunga.

Ulaya ya zamani kila mji ulikuwa na mlio mmoja wa hatari, na waliushika kwa makini kwa sababu ukipigwa ovyo mara mbili, mara ya tatu hakuna atakayetoka nyumbani. Hispania wameona kupiga kengele kwa mikono ni urithi, na UNESCO imeuandika mwaka 2022. Sisi hatuna haja ya karatasi ya UNESCO ili kuanza. Parokia chache zikikaa pamoja Jumamosi moja, zikaita vijana wawili wawili, asubuhi wakashika kamba na jante, ulimi wa kengele umefungwa, mchana wakajifunza milio ile mitatu kwa kugonga meza. Kisha Jumapili, baada ya misa, wakawapigia waumini huku mzee mmoja anaeleza: huu ni wa sala, huu ni wa kilio, na huu, ndugu zangu, mkiusikia usiku, chukueni watoto.

Mlio wa mwisho, hata siku hiyo ya maelezo, nafikiri ungepigwa kwenye meza tu. Jirani wa nyuma ya kanisa hajui kwamba ni mafundisho.