Ukwaju Una Mkono Gani?

Ukitaja historia ya Rufiji, utaletewa vita tu. Maji Maji ya 1905. Manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyomalizwa deltani Julai 1915. Sawa, hayo yalikuwepo. Lakini nani amewahi kusimulia habari za mkwaju, mti ambao upo Kibiti mpaka leo na unaangusha matunda yake bila kuuliza nani anatawala?

Ndugu msomaji, embe likiiva ukali huondoka. Ukwaju ukiiva sukari inajaa, lakini uchachu haubanduki. Uchachu huo, kwa sehemu kubwa, ni asidi ya tatariki, ile ile iliyomo kwenye zabibu. Msweden Carl Wilhelm Scheele aliitenga mwaka 1769 kutoka kwenye ukoko unaoganda ndani ya mapipa ya mvinyo.

Baadaye Mfaransa Jean-Baptiste Biot alipitisha nuru iliyochujwa, inayotetema upande mmoja tu, katika maji yenye asidi hii. Nuru ikapindia kulia. Lakini viwanda vya mvinyo vilitoa pia asidi nyingine yenye viambato vile vile kwa vipimo vile vile, na hiyo haikupinda nuru hata kidogo. Kulikoni?

Jibu alilipata Louis Pasteur mjini Paris mwaka 1848, kijana wa miaka 25. Alitengeneza chumvi ya hiyo asidi bubu, akazikagua fuwele zake. Kumbe ziko namna mbili, kama kandambili ya kulia na ya kushoto! Akazitenga moja moja kwa mkono, kama mtu achambuaye mchele. Fungu moja likapinda nuru kulia, jingine kushoto. Zikichanganywa sawasawa, kila moja inafuta kazi ya mwenzake. Mzee Biot, miaka 74, hakuridhika mpaka kijana aliporudia kazi mbele yake. Na bahati nayo ilikuwepo: joto likizidi nyuzi 27 hivi, fuwele hizo hazijitengi. Angejaribu Kibiti mwezi Januari, asingeona kitu.

Mwaka 1874 van 't Hoff na Le Bel, kila mmoja kivyake, walieleza sababu: kaboni ikishika vitu vinne tofauti, vinaweza kukaa kwa mipango miwili, mmoja ukiwa kivuli cha mwenzake kwenye kioo. Lakini upi ni upi? Mwaka 1891, mwaka ule ule serikali ya Kijerumani ilipoanza rasmi kutawala pwani yetu, Emil Fischer aliichora sukari kwa kuchagua upande mmoja. Alikisia, bwana! Tatariki na asidi zitokanazo na sukari zikapangwa kwa kisio hilo. Fischer akafa 1919 bila kuona uthibitisho. Ulikuja mwaka 1951, Bijvoet na wenzake wa Utrecht, Uholanzi, walipopiga eksirei chumvi ya tatariki. Fischer alikuwa amepatia.

Sasa sikiliza hili. Asidi ya ukwaju inapinda nuru kulia, lakini kwa mpangilio wake inaandikwa L, herufi ya kushoto. Nuru inakopindia ni jambo moja. Atomi zilivyokaa ni jingine.

Wajerumani walikuja wakaondoka, Waingereza vilevile. Mkwaju ulitengeneza mkono ule ule mmoja, msimu kwa msimu, kabla Paris haijajua kwamba ipo miwili. Sisi tunaotaka kuandika habari za Rufiji tuna meli moja iliyozama, na miti mingi iliyosimama.