Kuli: Riwaya na Historia ya Wavuja Jasho

Mwalimu mwenzangu, unapofundisha Kuli (1979), riwaya ya Adam Shafi, usikomee kwenye maudhui na wahusika. Mgomo unaosimuliwa humo una msingi wa kihistoria: mwaka wa 1948 makuli wa bandari ya Unguja waligoma, na wafanyakazi wengine mjini wakawaunga mkono. Shafi, aliyezaliwa 1940, alikuwa mtoto tu wakati huo. Huko Uswidi, Harry Martinson aliyekuwa baharia na Eyvind Johnson aliyefanya kazi katika kiwanda cha mbao waliandika wenyewe, wakatuzwa Nobel mwaka wa 1974. Je, kibarua wa Siakago ataandikwa na nani? Labda na mwanafunzi wako, ambaye mzazi wake amedamkia shamba la mwenyewe. Mhimize aanze.